Haisi ya Mnadani na Fyuzi Iliyotolewa

Nilipeleka mkono pembeni mwa mlango wa Haisi, mahali nilipoifunga mimi mwenyewe ile swichi kubwa ya kukata umeme wa betri. Sikuhitaji kuangalia. Fundi anajua alipofunga kitu kama mama anavyojua chumvi yake inakaa wapi. Vidole vyangu vikakuta matundu ya skrubu na bati tupu. Swichi haikuwepo.

Ilikuwa mchana, mnada wa Masakta umejaa watu, mbuzi wanalia upande wao, na muziki wa gari lile lile ulikuwa bado unapiga. Spika ilikuwa inakula betri ya mbele, ya injini, kwa hiyo yenyewe haikujua kitu. Hilo linaniudhi mpaka leo, gari linaungua na huku linaimba. Moshi mweusi ulikuwa unatoka nyuma ya kiti cha kunyolea. Elia, kinyozi wa gari hilo, alikuwa ameshatoka nje pamoja na mteja wake, kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Elia alitoka mzima, hana hata mchubuko. Halafu akarudi ndani.

Swichi hakuna, spana sina, nikapanda. Nikaushika waya wa betri kwa mikono mitupu. Plastiki yake ilikuwa imeshayeyuka, ikanigandia kwenye viganja kama ugali wa moto, nami nikavuta hivyo hivyo mpaka ukachomoka. Nilikuwa nimechelewa. Sponji ya kiti ilikuwa imeshashika moto, na moshi wa sponji ukiuvuta kifuani hurudii mara ya pili kuuvuta kwa hiari. Mtu mmoja wa upande wa mbuzi alinikamata miguu akanitoa kinyumenyume. Elia walimtoa kwa dirisha la upande wa pili. Alifariki njiani, kabla gari halijafika hospitali.

Naitwa Martina. Kwenye magereji ya Mbulu na Katesh wananijua kwa jina la Fundi Martina, fundi umeme wa magari. Sasa nimestaafu. Hakuna aliyeniaga kwa keki, maana hakuna aliyewahi kuniajiri. Mikono ndiyo iliyonistaafisha, tena kabla ya umri wangu. Shule niliishia darasa la tano kijijini kule Daudi, mwaka ambao baba aliona ng'ombe wanamhitaji mtu kuliko mwalimu anavyomhitaji. Kwa hiyo nikikosea kuandika mtanisamehe. Nikisema habari za waya msinisamehe, nibisheni, nitawajibu.

Nawaandikia ninyi mlioko gereji sasa hivi, mnaofunga inveta kwenye magari ya watu kila wiki. Siandiki habari ya nilichopata kwenye kazi hii. Naandika jinsi nilivyoifanya, na jinsi wengine walivyoifumua.

Niliingia gereji nikiwa muuza uji. Mzee Baran alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stendi pale Mbulu mjini, na ndiye aliyekuwa fundi umeme ambaye madereva wa malori walimtegemea. Kila asubuhi nilipita na chupa yangu na vikombe. Asubuhi moja nikamkuta amelala chali chini ya dashibodi ya lori, miguu nje, anaguna. Pembeni alikuwa amekaa Wiliamu Matle, kijana mwenzangu aliyekuwa anajifunza kazi hapo, anapuliza vidole vilivyochubuka.

"Shikamoo mzee, uji umefika."

"Marahaba. Wewe mwenye uji, hebu nyoosha mkono wako nione."

Nikaunyoosha. Akauangalia kama mtu anayechagua kuku.

"Huu unapita," akasema. "Weka chupa chini. Ingiza mkono hapa nyuma, utagusa waya una fundo. Uvute kwangu taratibu."

"Mzee, leo uji utakuwa na ladha ya risasi ya kuchomelea waya," Wiliamu akasema.

"Wewe nyamaza. Mkono wako kama mwiko wa makande, umekwama huko tangu asubuhi."

Nikaugusa ule waya, nikauvuta, taa za lori zikawaka. Uji siku hiyo waliunywa umepoa. Kesho yake nikapita tena, mzee akaniambia chupa nimwachie mdogo wangu, mimi niingie ndani. Basi. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na sikujua ni siku ya kwanza mpaka ilipopita.

Watu walikuja na maneno yao. Dereva analeta gari, ananikuta mimi, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia ndiye mimi. Anaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine amejificha. Mzee Baran alikuwa anawajibu bila kuinua kichwa: "Kama hutaki akufungie, sukuma gari lako." Wengi walikuwa wamefika kwa kusukumwa, kwa hiyo maneno yaliisha mapema.

Vifaa vya mzee vilikuwa vichache. Taa ya kupimia aliitengeneza mwenyewe kwa balbu ya indiketa na nyaya mbili. Plaizi alizisokota mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na spana ya betri nayo aliivisha mpira huo huo mpaka kichwani, ibaki mdomo tu. Nilimwuliza kwa nini. Akachukua spana nyingine isiyo na mpira, akailaza kati ya vichwa viwili vya betri kuukuu. Ikapiga cheche na kumeguka kipande. "Ungekuwa na pete kidoleni," akasema, "ningeiokota pete, na kidole tungekitafuta." Tangu siku hiyo pete yangu ya ndoa inakaa kwenye kikombe nyumbani, na mume wangu alishazoea kuulizwa kama tumeachana.

Alitufundisha mimi na Wiliamu mambo yale yale, siku zile zile, kwa mdomo ule ule. Hili mlishike, maana litakuja kuwa na maana. Ukifungua betri, anza na waya mweusi. Ukifunga, mweusi uwe wa mwisho. Spana ikiteleza ukiwa kwenye mwekundu, haikuti umeme umeungwa na bodi ya gari. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri, kwa sababu kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, weka raba, la sivyo bati litausaga kama kisu mpaka ukutane na bodi. Na fyuzi inaulinda waya, haiilindi mashine. Watu wazima wanakufa bila kulijua hilo. Wanadhani fyuzi ikiungua imewaharibia kazi.

Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona gereji nyingine. Fundi aliyefunga waya mpya ndiye anayekaa juu ya waya huo kwenye safari ya kwanza. Sio pembeni. Juu yake. Ukifunga chini ya kiti, unakalia kiti hicho mpaka gari lirudi, na njiani unapitisha mgongo wa mkono kila kwenye kiungo kuangalia kama kuna joto. "Kama unaogopa kukaa," alikuwa anasema, "usimwachie mwenye gari akae." Wiliamu alikaa juu ya nyaya zake mara nyingi kama mimi. Tulikuwa tunachekana, anarudi kutoka Haydom amejaa vumbi mpaka kope, namwuliza, "Makalio yamepoa?" Ananijibu, "Ya baridi kama pua ya mbwa, dada."

Mzee alipoacha kazi kwa sababu ya macho, mimi nikabaki Mbulu, Wiliamu akahamia Katesh. Hatukugombana. Tulipeana wateja.

Inveta zilipoanza kuja, hizi mashine za kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nilikuwa sijawahi kuziona. Ya kwanza kunisumbua ilikuwa kwenye gari la Nesi Zuhura. Huyu dada alihamishiwa kwetu Daudi kutoka pwani, Mwislamu, mtu wa utani sana, na baridi ya kule ilikuwa inamtesa mpaka anavaa kanga tatu juu ya koti. Alikuwa anasafirisha chanjo kwenye friji dogo ndani ya gari, na inveta ya kuliendesha ilikuwa inalia kila friji linapowaka, kisha inazima.

"Fundi Martina," aliniambia, "friji langu linakunywa umeme na bado lina kiu. Walionitangulia kuliangalia wote wamesema inveta ni mbovu."

"Wameibadilisha?"

"Mara mbili. Hii ni ya tatu, nayo inalia vile vile. Labda na yenyewe imehamishwa bila kuulizwa."

Nikafuata nyaya. Betri iko mbele, inveta wameiweka nyuma kabisa karibu na friji ili ipendeze, na katikati wamepitisha waya mrefu mwembamba, wa aina ya kufungia taa. Hapo sikuwa na haja ya kupima. Upande wa betri umeme unaopita ni mwingi sana, unataka waya mnene na mfupi. Ukiupitisha kwenye waya mwembamba, nusu ya nguvu inaishia njiani inakuwa joto, na mashine kule mwisho inalia njaa. Nikaihamisha inveta ikae karibu na betri, nikaweka waya mnene kama kidole gumba, nikauacha ule upande wa pili, wenye umeme kama wa nyumbani, ndio uende mrefu mpaka kwenye friji. Friji likawaka, inveta ikanyamaza. Nesi Zuhura akaitegea sikio.

"Imelala?"

"Inafanya kazi. Ikifanya kazi vizuri hailii."

"Kumbe kama mume wa jirani yangu," akasema, akaondoka na chanjo zake.

Nilikaa juu ya nyaya hizo mpaka vituo vyote vya siku ile vikaisha. Naye hakushangaa, alidhani nimeomba lifti.

Mwaka ule tope liliposhuka kutoka mlimani na kuingia Jorodom, pale Katesh, watu walikuwa wanatafuta mahali pa kuchaji simu wawapigie ndugu, wajue nani yupo na nani hayupo. Nilikwenda na gari la shemeji yangu lenye inveta niliyoifunga, tukachajia watu. Sitaandika mengi ya siku hizo. Nitasema tu kwamba baada ya hapo kila mwenye gari Katesh aliona inveta ni kitu cha maana, na ni kweli ni kitu cha maana. Mmoja wa walioona alikuwa Lazaro Naman.

Huyu ndiye mwenye Haisi. Katesh wanamwita Bosi Laza, na anapenda kuitwa hivyo. Alikuja mpaka Mbulu kunitafuta. Alikuwa na wazo zuri, nampa haki yake. Alitaka gari la kuzunguka minadani: kiti cha kunyolea ndani, ubao wa kuchajia simu za watu, spika ya matangazo juu. Watu wanakuja mnadani kutoka mbali, huko kwao umeme haujafika, simu zimezima. Wananyoa, wanachaji, wananunua, wanaondoka.

Nikamfungia kama nilivyofundishwa. Betri ya pili kwa ajili ya inveta peke yake, ili wakinyoa kutwa nzima gari bado liwake jioni. Nikaifunga betri sakafuni kwa mkanda wa chuma isiruke barabarani, kwenye kisanduku chake chenye tundu la kutoa hewa nje, kwa sababu betri inapochajiwa inatoa hewa inayolipuka. Inveta nikaifunga ukutani karibu nayo, nje ya kisanduku, feni yake ikiangalia mahali pa wazi. Fyuzi shubiri moja kutoka kwenye betri. Na pembeni mwa mlango nikaweka ile swichi kubwa, mtu akiwa amesimama chini nje aweze kuizungusha na kukata kila kitu cha nyuma bila kupanda. Nikamwonyesha Lazaro, nikamwonyesha Elia.

Elia alikuwa mtu wa Masakta, mtu mzima, baba wa watoto, ana shamba la mahindi na mbaazi na hii kazi ya mashine ya kunyolea alikuwa anaifanya siku za mnada. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alizungusha swichi akaizima, akaiwasha.

"Sasa dada, nikimkosea mteja kichwa nizime hapa nikimbie?"

"Kichwa ukikikosea malizana nacho. Hapa unazima ukisikia harufu."

"Ya nani? Maana wateja wengine wanakuja na ya kwao."

"Ya plastiki, Elia."

Safari ya kwanza nilikaa sakafuni nyuma, juu ya waya, kutoka Mbulu mpaka Katesh. Nilishuka kiuno kimevunjika, viungo vyote vya waya vikiwa baridi. Gari lile lilipotoka mikononi mwangu lilikuwa zima. Nasema hivyo mbele ya yeyote.

Sasa niwaambie habari ya blanketi. Ninyi mliozaliwa huku hamtacheka, lakini mgeni atacheka. Huku kwetu juu, asubuhi ya baridi gari linagoma, na kila dereva anajua dawa yake: jioni unafunika boneti kwa gunia na blanketi kuukuu, betri isilale na baridi. Baba zetu walifanya hivyo kwa trekta. Lazaro naye, mtu wa juu huko huko, akaona inveta ni mashine ya umeme kama betri, basi nayo inahitaji blanketi. Akaifunika. Na mnadani kwenye vumbi akaona limesaidia hata vumbi lisiingie, likabaki hapo mchana kutwa.

Nilikuwa na meza yangu minadani, natengeneza nyaya za pikipiki na redio. Mnada mmoja nikaenda kumsalimia Elia nikakuta inveta imevalishwa.

"Hii inaumwa?" nikamwuliza.

"Bosi anasema inasikia baridi."

"Mwambie inasikia joto. Hiyo feni inayolia humo ndani inaomba hewa." Nikalitoa blanketi, nikalikunja, nikaliweka mbele kwa dereva. Mnada uliofuata nikalikuta limerudi. Nikalitoa tena, nikamwendea Lazaro mwenyewe pale alipokaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mashine ile ikifunikwa itaunguza gari.

"Fundi," akasema, "wewe ulikuja kufunga. Umefunga, asante. Kulilea gari niachie mimi."

Mnada uliofuata aliongeza friji la soda. Na nyaya za friji zilitaka nafasi, kwa hiyo kiti cha kunyolea kikasogezwa nyuma. Nilikuwa nimekwenda kumzika shangazi yangu kule Daudi wiki hiyo, sikuwepo. Ninachokijua cha wiki hiyo nilikijua baadaye, na nitawaambia nimekijuaje.

Siku ya moto nilikuwa kwenye meza yangu, hatua chache kutoka kwenye Haisi. Elia alinyanyua kichwa dirishani akaniita: "Dada Martina, ile harufu uliyosema, njoo uinuse." Nikaacha redio ya mtu wazi mezani. Nilipofika, Elia na mteja walikuwa wameshashuka. Elia hakugusa swichi kwa sababu swichi haikuwepo, na yeye alijua haipo, mimi ndiye sikujua.

Wenye simu walianza kujikusanya mlangoni, kila mmoja anataja yake, ya kwangu ina kava jekundu, ya kwangu ina kioo kimepasuka. Lazaro alisimama kutoka kwenye kiti chake.

"Elia, simu za watu," akasema.

"Bosi, kuna moto humo."

"Ni moshi. Nimekuambia simu za watu. Unataka mimi niwaambie nini hawa?"

Hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayeagiza chai. Elia aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akavuta kola ya koti puani, akapanda. Mimi nikapeleka mkono kwenye swichi. Kilichofuata nimeshakiandika.

Nesi Zuhura ndiye aliyenifunga mikono, wiki baada ya wiki, nyumbani kwangu Daudi. Hakufanya utani wakati akibadilisha bandeji, na hapo ndipo nilipojua kwamba vidole havitarudi kama vilivyokuwa. Vinakunja, lakini havibani. Mkono wangu haupiti tena nyuma ya dashibodi yoyote. Kalamu hii naishika kama mtoto.

Nilipoweza kutembea nikaenda Katesh, kwenye uwanja Haisi ilipoburutwa. Mabati tu. Nikapanda. Kisanduku cha betri kilibaki, na kishikio cha fyuzi, kile cha chuma, kilibaki. Ndani yake, mahali pa fyuzi, palikuwa pamekazwa bolti. Bolti nene, limekazwa kwa nati pande zote mbili, kazi safi ya mtu anayejua kukaza. Nikafuata waya mwekundu uliobaki. Ulikuwa umelaliwa na mguu wa kiti cha kunyolea, kile kilichosogezwa. Mguu wa chuma umekaa juu ya waya, Elia anazunguka na mteja, kiti kinacheza, mguu unausaga. Siku ulipofika kwenye shaba, umeme wote wa betri ukaingia kwenye bodi. Kama fyuzi ingekuwepo, ingekatika kabla hujamaliza kupepesa jicho, mashine zinazima, Elia analaumu, mimi naitwa, tunacheka. Bolti halikatiki. Waya ukawa mwekundu kama kaa la moto, na juu yake lilikuwa limerudi lile blanketi.

Nikamtafuta Wiliamu. Nilimkuta gereji kwake, anafunga honi. Aliponiona mikono akaacha.

"Wili, lile bolti ni la nani?"

Akaiweka honi chini. Kisha akasema, "Fyuzi ilikuwa inakatika, dada. Friji likiwaka na mashine zote zikiwa zinafanya kazi, inakatika. Bosi akasema mnada haungoji fundi atoke msibani."

"Nawe ukaweka bolti."

"Nilimwambia ni ya siku moja tu."

"Na swichi?"

"Aliitaka kwenye pikapu yake. Alisema hii ya Haisi haitumiki."

"Ulikaa juu ya waya safari ya kwanza, Wili?"

Alirudi kwenye honi yake. Tuliambiwa mambo yale yale kwenye kibanda kile kile, na mtu ambaye hakuambiwa ningemsamehe.

Uliitishwa mkutano pale Masakta, wakaja viongozi wa kata na ndugu wa marehemu. Lazaro alisimama akasema gari lilifungwa umeme na Fundi Martina wa Mbulu, na kila mtu anamjua. Ni kweli, kila mtu ananijua. Akasema Elia aliipenda sana kazi yake, alirudi ndani kwa moyo wake mwenyewe kuokoa mali za wananchi, ni shujaa. Watu wakaitikia. Wiliamu akaulizwa kama aliwahi kuligusa gari lile. Akasema aliwahi kuliosha taa. Nilieleza habari ya bolti, wakaniambia nina uchungu wa mikono, nikae. Nina uchungu wa mikono, ndiyo. Na bolti lipo.

Paskalina, mjane wa Elia, aliuliza swali moja tu. Alisimama nyuma kabisa, ana mtoto mgongoni, akasema, "Alikuwa ameshashuka. Aliyemwona ameshashuka aniambie kwa nini alirudi." Mimi nikasema. Lazaro akatabasamu, akasema fundi anatafuta wa kumbebesha mzigo wake. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Kwa hiyo, ninyi vijana, nimewaambia kazi. Waya mnene na mfupi, fyuzi karibu na betri, raba kwenye kila tundu, feni ipate hewa, swichi mahali mtu wa nje anafika, na ukimaliza ukae juu yake. Lazaro amenunua gari jingine, linazunguka minadani tena. Likija kwenu, fungueni kishikio cha fyuzi mbele yake kabla hamjagusa kitu kingine, na mkikuta bolti, liiteni kwa jina lake watu wasikie.

Na kwako Wiliamu Matle, uliyefundishwa na mzee yule yule aliyenifundisha mimi: rudi Masakta, simama mbele ya watu wale wale uliowaambia uliosha taa, uwaambie mkono wa nani uliokaza lile bolti.

Na wewe Lazaro Naman, habari ya waya sikuulizi, hukuwahi kuijua. Nakuuliza alilouliza Paskalina. Mume wake alikuwa ameshashuka, amesimama chini, mzima, hatua chache kutoka kwenye kiti chako. Nenda nyumbani kwake, mchana, majirani wakiwepo, umwambie ni nani aliyemrudisha ndani na kwa maneno gani. Anakungoja, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake nikusikilize.